Siku Wanazoziita za Hatari

Mtaani kwetu zinaitwa siku za hatari. Msichana anayezihesabu huzihesabu ili azikwepe, na hata kliniki utasikia jina hilohilo: siku za hatari na siku salama, kana kwamba mtoto ni ajali. Katika mafundisho ya ndoa parokiani nasi tulifundishwa njia ya asili kwa upande huo mmoja, yaani jinsi ya kuzitambua siku hizo na kuziacha zipite, ili kuweka nafasi kati ya mtoto na mtoto. Mafundisho yalikuwa mazuri na mwalimu alijua anachokisema. Ila sote tuliokaa kwenye mabenchi yale, wawili wawili, tulidhani watoto watakuja kama mvua ya masika na kazi yetu itakuwa kuwapangia zamu. Hakuna aliyeinua mkono kuuliza habari za wanaozitafuta siku hizo.

Sisi tumezitafuta kwa miaka mitano sasa.

Tunaandika wawili, mke na mume, kwa kalamu moja. Tumekubaliana kusema "sisi" hata pale ambapo jambo lilimpata mmoja wetu mwilini, kwa sababu tangu mwanzo watu wamejaribu kulitenganisha jambo hili na kumtwisha mmoja peke yake. Mmoja wetu ni dereva wa lori. Mwingine anafundisha darasa la tatu. Nyumba yetu iko Makambako, pale barabara ya Mbeya inapoachana na ile ya Njombe na Songea. Ni mji wa upepo na baridi, na baridi hiyo ina sehemu yake katika habari hii.

Mwaka wa kwanza wa ndoa hatukuhesabu chochote. Mwaka wa pili ulipofika katikati tulikwenda kwa Sista mmoja, mkunga wa zahanati ya misheni, ambaye amewapokea duniani vijana wengi wa kata yetu. Hakutupa dawa. Alituuliza kwanza siku huja baada ya siku ngapi. Tukajibu kama wengi wanavyojibu: kila mwezi. Akacheka.

"Kila mwezi si hesabu, wanangu. Mwezi upi? Wa kalenda, wa mbinguni, au wa kwako, mama?"

Akatupa kadi yenye miraba, siku moja kwa kila mraba, pamoja na karatasi ya stika. Nyekundu ni siku za damu. Kijani ni siku kavu. Nyeupe, yenye picha ndogo ya mtoto mchanga, ni siku ambazo ute wa uzazi unaonekana. Akatuagiza tubandike kila jioni kabla ya kulala, na akagawa kazi: mama atasema alichokiona na kukihisi mchana kutwa, baba atabandika. Tulipomwambia kwamba baba yuko barabarani nusu ya mwezi, alisema simu zipo.

Kwa msomaji asiyefahamu, mambo yenyewe ni haya. Yai la mwanamke hutoka mara moja katika mzunguko, na likishatoka huishi takriban saa 12 hadi 24. Mbegu za mwanamume zinaweza kuishi hadi siku tano ndani ya mwili wa mke, lakini pale tu zinapokuta ule ute laini, unaoteleza na kuvutika kama ute wa yai la kuku. Pasipo ute huo hufa mapema. Siku ya mwisho ya utelezi ndiyo inayoitwa siku ya kilele, na tabu yake ni kwamba huwezi kujua kuwa ni ya mwisho mpaka kesho yake, ukiona kumekauka. Ndiyo maana anayetafuta mtoto haambiwi asubiri kilele. Utelezi ukianza, naye aanze.

Baada ya yai kutoka hubaki kama wiki mbili kabla ya hedhi nyingine, na kipande hicho kwa wanawake wengi hakibadiliki sana. Kinachorefuka na kufupika ni kipande cha mwanzo. Kwa hiyo ile "siku ya kumi na nne" ambayo kila aliyesoma biolojia anaikumbuka inamfaa mwenye mzunguko wa siku 28. Kadi ilipojaa miezi sita tukaona kwamba mzunguko wetu unacheza kati ya siku 31 na 37. Siku ya kumi na nne kwetu mara nyingi ilikuwa bado kijani.

Kisha kikaja kipimajoto. Kipimajoto cha kawaida cha homa huonyesha tarakimu moja baada ya nukta, na kwa kazi hii moja haitoshi, maana joto la mwili baada ya yai kutoka hupanda kwa nyuzi kama 0.2 hadi 0.5 tu. Chenye tarakimu mbili kilipatikana Dar es Salaam na kikasafiri kuja Makambako ndani ya kabini ya lori, kimefungwa kwenye soksi. Kinawekwa mdomoni alfajiri kabla ya kuinuka, kabla ya kunywa maji, kabla ya kusema neno. Mwezi wa saba kwetu, saa kumi na moja alfajiri, hakuna anayetamani kutoa mkono nje ya blanketi, achilia mbali kuwasha taa na kuandika 36.42. Na joto lenyewe halitabiri. Linapopanda, yai limekwisha kutoka. Ute ndio unaopiga hodi. Joto huja baadaye kuthibitisha kwamba mgeni alipita.

Tulipoanza kusoma tulikuta jambo lililotufariji kwa namna ya ajabu. Aliyewafungulia watu hesabu hii ni daktari wa Japani, Kyusaku Ogino, aliyefanya kazi hospitalini mjini Niigata. Mwaka 1924 alichapisha alichokigundua, kwamba yai linapotoka hupimwa kwa kurudi nyuma kutoka hedhi inayokuja, si kwa kwenda mbele kutoka hedhi iliyopita. Huko Austria, Hermann Knaus naye alifikia jibu linalofanana kwa njia yake mwenyewe. Ogino alitaka hesabu ile iwasaidie wenye kutafuta mtoto. Dunia ikaichukua na kuigeuza kuwa njia ya kuzuia mimba, naye hakupendezwa na matumizi hayo. Ile njia ya ute tuliyopewa na Sista ilianzia Melbourne, Australia, mwaka 1953, pale daktari John Billings alipoombwa awasaidie wanandoa Wakatoliki kupanga uzazi. Baadaye mkewe Evelyn, daktari pia, akaungana naye katika kazi hiyo. Kwa hiyo kadi moja ina milango miwili. Wengi huingilia ule wa kuepuka. Sisi tuliingilia mlango ambao Ogino aliukusudia, na tukakuta ndani hamna msongamano.

Tulikuta na jambo lingine. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 221 waliokuwa wakitafuta ujauzito. Mimba zote zilizotungwa zilitokana na siku sita tu za mzunguko: siku yai linapotoka na tano zinazoitangulia. Na hata siku iliyo bora kabisa, nafasi ilikuwa kama moja kwa tatu. Mtu na mkewe, wote wazima, siku yenyewe ndiyo hiyo, na bado mara mbili katika tatu hakuna kinachotokea. Tulilisoma hilo mara kadhaa. Jirani asiyelijua atakuambia umelaaniwa baada ya miezi minne.

Siku sita basi. Sasa weka siku hizo sita juu ya ratiba ya lori. Kwenda Tunduma na kurudi si mbali kutoka kwetu, lakini anayeijua Tunduma anaijua foleni. Malori hupanga mstari kusubiri kuvuka kwenda Zambia, na siku zikipita hazirudi. Ujumbe ulikuwa unaingia kwenye simu: "Nyeupe imeanza." Siku ya pili: "Nyeupe." Siku ya tatu: "Nyeupe, inavutika." Siku ya nne hapakuwa na ujumbe. Utingo aliyekuwa kwenye kabini aliona mmoja wa ujumbe huo na kuuliza kama tumeanza biashara ya sembe.

Mwaka wa tatu mmoja wetu alimwomba tajiri wake ampangie safari za Dar es Salaam tu, zisizofika mpakani. Tajiri alikubali, akapunguza na posho. Tulikaa mezani na daftari la matumizi tukaona nini kitaondoka: bati za chumba cha nyuma zilisubiri mwaka mzima. Wengine walishangaa kwamba mwanamume ameacha fedha kwa ajili ya tarehe za mkewe. Hatukuwa na haja ya kuwaeleza.

Lazima tuseme pia kile ambacho kwenye semina hakisemwi. Tendo la ndoa likiwekewa tarehe hubadilika sura. Kuna usiku ambao mtu amefika saa nane, mgongo umekauka kwa usukani, mwingine ana madaftari arobaini ambayo hayajasahihishwa, wiki nzima mmegombana kuhusu ada ya mdogo wenu, na stika ni nyeupe. Tulijifunza kucheka. Tulijifunza pia kwamba mtu anaweza kusema "leo hapana" hata siku nyeupe, na nyumba isibomoke. Na siku za kijani zina kazi yake: zilitukumbusha kwamba tulipendana kabla ya kadi. Mzunguko mmoja siku zetu zilianguka Juma Kuu, Alhamisi hadi Jumamosi, nasi hatukujua la kufanya. Tukampigia Sista. Akasema, "Kanisa limewaagiza mfunge nyama, halijawaagiza mfunge ndoa. Ndoa mlishaifunga." Akakata simu. Tunaileta kauli hiyo hapa kwa sababu tunaamini kuna wengine wenye swali hilohilo na hawana wa kumpigia.

Katika jumuiya yetu kuna mama mmoja anayetupenda. Alipojua habari za kadi alitushika mikono akasema tunahesabu mno, na Mungu hahesabu. Sara hakuwa na kipimajoto, alisema. Tumelibeba neno lake kwa muda mrefu, maana alilisema kwa upendo, na maana ni swali la kweli: je, anayehesabu siku anamwamini nani?

Tulirudi kwenye Kitabu cha Mwanzo tukasoma taratibu. Sura ya 18 inaeleza wazi kwamba desturi ya wanawake ilikuwa imekoma kwa Sara. Mwandishi hakuiacha habari hiyo. Aliiweka ili msomaji ajue kwamba pale hapakuwa tena na kitu cha kuhesabu, na ndiyo sababu kilichofuata ni muujiza. Maana yake ni kwamba hata watu wale wa kale walijua njia ya kawaida ni ipi na inapoishia. Sisi bado tuna cha kuhesabu. Kukaa tu tukisubiri ya Sara, hali tumepewa ya Lea na Raheli, kungekuwa kumwambia Mungu kwamba njia yake ya kila siku haitutoshi.

Habari za Hana ndizo tulizozikalia zaidi. Watu husimulia machozi yake hekaluni, na kuhani Eli aliyedhani amelewa. Husahau mistari miwili. Wa kwanza: baada ya sala Hana alikula chakula na uso wake ukabadilika, na wakati huo alikuwa bado hana mimba. Wa pili: walirudi nyumbani Rama, Elkana akamjua mkewe, na ndipo Bwana akamkumbuka. Biblia haikuruka chumba cha kulala. Sala ilikuwa Shilo, kitanda kilikuwa Rama, na Mungu hakuona aibu kufanya kazi katika vyote viwili. Elkana naye tunamwelewa sana, yule mume anayemuuliza mkewe kama yeye si bora kuliko wana kumi. Swali la mtu mwema aliyeishiwa maneno. Limewahi kuulizwa nyumbani kwetu, na halikujibiwa.

Sista alikuwa ametuonya tangu siku ya kwanza: kadi ikijaa miezi sita mizuri bila mimba, ipelekwe kwa daktari. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa kuna tatizo la uzazi pale miezi 12 inapopita mke na mume wakikutana bila kinga pasipo mimba, na ripoti yake ya mwaka 2023 inasema mtu mmoja kati ya sita duniani hukutana na hali hiyo maishani. Mmoja kati ya sita. Hesabu benchi lenu la kanisani Jumapili ijayo.

Hospitali ya kwanza tuliyokwenda, karatasi zote za vipimo ziliandikwa jina la mke. Mume aliambiwa asubiri nje. Tuliaga kwa adabu tukatafuta hospitali nyingine. Huko daktari alitaka wote wawili siku moja, akaisoma kadi mraba kwa mraba, akasema imemwokolea miezi kadhaa ya kuuliza, maana anaona yai linatoka. Kwa wanaume wanaosoma hapa: kipimo cha mbegu hakiumi, na kinachoogopwa ni majibu. Kuhusu namna ya kukitoa tulizungumza na padre kabla, kwa sababu Kanisa lina mafundisho yake hapo, na njia inayokubalika ipo. Mwenye swali amuulize paroko wake, asikimbie kipimo.

Mke alipigwa eksirei ya mirija ya uzazi, ile ambayo dawa hupitishwa ndani ili ionekane kama njia iko wazi. Majibu yalikuwa haya: mbegu za mume ni chache kuliko kawaida, ila hazijafikia pa kukatisha tamaa. Mrija mmoja wa mke umeziba. Kwa hiyo ndugu waliokuwa wakisubiri kujua nani alaumiwe walikosa mtu. Mjomba mmoja alikuwa amekwisha kushauri, kwa sauti ya chini na kwa heshima zote, kwamba mwanamume ajaribu nje. Tulimjibu pamoja, tukiwa tumekaa kiti kimoja, kwamba nje hakuna wa kwetu.

Kadi ilitufikisha hapo na hapo ikaishia. Inaonyesha kwamba yai limetoka. Haionyeshi limetoka upande gani, wala kama njia ilikuwa wazi. Miezi mingine yote tuliyobandika nyeupe kwa furaha, yai huenda lilitokea upande wa ukuta.

Daktari alitueleza pia juu ya kutungisha mimba maabara. Tunajua wapo wanaofanya, na hatuwahukumu. Sisi tulisoma waraka wa Kanisa wa mwaka 1987, Donum Vitae, unaofundisha kwamba mtoto ni zawadi na wala si kitu ambacho mtu anaweza kukidai kama haki yake, na kwamba utungaji wa mimba usitengwe na tendo la mke na mume. Tumekubali kubaki ndani ya mpaka huo. Hatutasema hauumi. Neno "zawadi" ni tamu kwa aliyekwisha kupokea. Anayetazama mikono ya wengine ikijaa hulisoma kwa sauti nyingine. Tulimwambia padre hivyo hivyo, naye hakutusahihisha. Alikaa nasi kimya mpaka chai ikapoa.

Mwaka wa nne wa ndoa, mwezi wa tisa, joto lilipanda na halikushuka. Siku ya kumi na nne baada ya kilele, ya kumi na tano, ya kumi na sita. Siku ya kumi na nane tulinunua kipimo cha mkojo katika duka la dawa la mji mwingine, kwa kuwa muuza duka wetu anaimba kwaya na sisi. Mistari ilikuwa miwili. Hatukumwambia mtu isipokuwa Sista na Bibi.

Wiki ya tisa mimba ilitoka.

Usiku ule tulichukua kadi kama kila usiku. Haina rangi ya jambo hilo. Tuliweka nyekundu kwa kuwa hapakuwa na nyingine, na mmoja wetu akaandika herufi moja pembeni kwa kalamu ya wino. Ni herufi ya jina. Jina lenyewe tunalijua sisi, padre aliyetusomea Misa asubuhi ya siku ya kazi watu wakiwa saba kanisani, na Bibi. Mazishi hayakuwepo, chakula cha matanga hakikuwepo, na darasa la tatu lilifundishwa Jumatatu kama kawaida. Tunaliandika hili kwa sababu tuna hakika kwamba Jumapili kuna wengine wanaopokea Komunyo karibu nasi wakiwa na herufi kama hiyo, na hakuna aliyewapa pole.

Kadi ilikaa kabatini miezi mitatu. Hatukujua siku ipi ni ipi. Ilikuwa ahueni, na tulipoitoa tena hatukuirudia kwa sheria ileile. Sasa Majilio yote hatuandiki. Kanisa zima wakati huo linamsubiri Mtoto, nasi tumeona tusubiri pamoja na wengine bila kubandika kitu. Na sala zimehama pia. Kwa muda mrefu zilikuwa nzito siku nyeupe na nyepesi siku nyingine, kama bomba linalotoa maji kwa mgao. Sasa siku za kijani tunaomba kwa ajili ya wengine. Tuna orodha ya jozi tano za parokia yetu na jirani, waliokuja usiku na kuuliza kwa kuzunguka, wakianza na hali ya hewa na bei ya mahindi. Jozi mbili kati ya hizo wamekwisha kubatiza. Tulikula pilau kwao, tulibeba watoto wao, tulifika nyumbani tukakaa kimya, kisha tukapika chai.

Wengine wanatuuliza kama tutachukua mtoto wa kulea. Tunalizungumza. Hatutaki mtoto huyo aje kama stika ya mwisho baada ya nyingine kwisha. Tunataka akija awe amekuja kwa ajili yake mwenyewe. Tumekwisha kwenda mara moja kuuliza taratibu kwa afisa ustawi wa jamii, na fomu ziko ndani ya kabati lilelile.

Bibi yuko Njombe, na ni bibi wa mume. Hajui kusoma, na kwa haki yake ya utani kwa mjukuu husema mambo ambayo mama mzazi hawezi kuyatamka. Zamani zao, anasema, walihesabu kwa mwezi wa angani na kwa mafundo ya kamba, na aliyetaka mtoto alijua. Alipoelezwa habari za stika alitaka kuziona, akazishika moja moja karibu na jicho, akasema ile ya mtoto imechorwa vibaya, mtoto hana shingo. Tangu hapo hupiga simu Jumapili baada ya Misa. Haulizi habari za kazi. Wiki iliyopita lori lilikuwa nyumbani, mvua ilikuwa inanyesha, na simu ikaita tukiwa mezani.

"Kamwene. Mume wangu yupo?"

"Nipo, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Kadi inasemaje leo?"

Tukatazamana. Mmoja wetu akainuka kwenda kuiangalia, ingawa tulikuwa tunajua.

"Kijani, Bibi."

"Haya," alisema. "Basi kuleni mlale. Nitapiga Alhamisi."